Wa Pili kwenye Orodha

Simu ya Donna Tasker ililia saa mbili na robo asubuhi, watu wakiwa bado kwenye chumba cha kifungua kinywa, na kila aliyekuwa na mkate mdomoni aliacha kutafuna. Pale Kingsley simu ya asubuhi haiji bure. Ama ni shule, ama ni halmashauri. Donna alisikiliza, akasema "ndiyo" mara nne, kisha akaiweka simu mezani taratibu na kujifunika uso kwa viganja.

"Wamenipa," alisema. "Nambari tisa, Mtaa wa Alder. Wamenipa, Janine! Ina bustani!"

Janine Prewett ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Alimkumbatia, akampigapiga mgongoni, akasema, "Hongera shoga yangu, hongera sana," na sauti yake ikatoka vizuri kuliko alivyotazamia. Nyumba hiyo hiyo naye aliiomba. Alhamisi ya wiki iliyopita, nyumba zilipotangazwa kwenye tovuti ya halmashauri, walikaa wawili hao juu ya kitanda kimoja, kila mtu na simu yake, wakabonyeza huku wakicheka, kila mmoja akificha nyumba aliyoichagua. Tovuti ile haina haya. Ilimwambia Janine nafasi yake palepale: wa pili. Alijiuliza wiki nzima ni nani huyo wa kwanza, akamlaani kimoyomoyo bila kumjua. Kumbe walikuwa wakichangia birika la chai.

Kingsley ilikuwa zamani hoteli ya watu waliokuwa wakija Wexcombe kuogelea baharini. Siku hizi haziji tena familia zenye ndoo na koleo za mchanga. Zinakuja zisizo na kwao, na halmashauri inazilipia. Mwenye nyumba ya akina Prewett aliamua kuiuza, akawapa miezi miwili, na miezi miwili ikaisha. Sasa walikuwa wiki ya kumi na nne katika chumba nambari sita: Janine, mumewe Craig, Maisie wa miaka tisa, na Owen wa miaka minne mwenye pumu. Donna na bintiye Freya walikuwa chumba nambari nane, na waliingia wiki tatu baada yao. Hizo wiki tatu ndizo zilizomkaa Janine kooni.

Kupika vyumbani ni marufuku. Janine alikuwa na birika la umeme, Donna alikuwa na maikrowevu, na vyote viwili vilifichwa chini ya taulo kila mwenye hoteli alipopita kukagua. Wanawake hawa walikuwa wamegawana maziwa, zamu za kupeleka watoto shule, na hata machozi. Mtu akikuambia urafiki wa namna hiyo hauwezi kuvunjwa na bustani, mwambie hajawahi kulala wanne chumba kimoja.

*

"Wiki tatu, Craig," Janine alisema mumewe aliporudi kutoka kiwanda cha biskuti. "Sisi tulishaoza humu wiki tatu ndipo yeye akaingia na mabegi yake."

"Labda ana sababu zake."

"Sababu gani? Ana mtoto mmoja. Mmoja! Tena mzima, anaruka kamba koridoni mchana kutwa. Wa kwetu analala ameketi."

Craig aliangalia kona iliyo juu ya kitanda cha watoto. Kila Jumamosi aliisugua kwa dawa ya madoa, na kila Jumanne weusi wa ukungu ulikuwa umerudi. Owen alikuwa amekaa chini ya kona hiyo na pampu yake ya pumu mkononi, akiitikisa ili asikie inavyolia.

"Na unajua ameniomba nini leo? Futi. Ameniomba mimi futi ya kupimia madirisha, akanunue mapazia."

"Umempa?"

"Nimempa. Ningesemaje?"

Craig akacheka. Hakukusudia ubaya, lakini alicheka, na Janine akachukua simu akahamia upande wa pili wa kitanda, ambao ndio umbali wote uliokuwapo. Alifungua ukurasa wa malalamiko wa halmashauri. Kulikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kiliuliza nini kimeharibika. Cha pili kiliuliza: ungependa tufanye nini ili kurekebisha?

"Andika mambo yetu," Craig alimwambia. "Andika wiki kumi na nne. Jamaa kazini ameniambia sheria iko wazi: familia yenye watoto haitakiwi kuwekwa hotelini zaidi ya wiki sita."

"Hilo wanalijua. Wao ndio waliotuweka."

Akaandika mstari mmoja: tumekaa sana hapa na mtoto anakohoa. Mstari huo ulimchukua muda mrefu. Kisha akaanza kuandika juu ya Donna, na vidole vikapata mbio. Aliandika juu ya mtoto mmoja mzima. Aliandika juu ya wiki tatu. Aliandika kwamba kuna watu wanajua kulia mbele ya maafisa. Halafu akafika kwa Walter.

Walter alikuwa baba wa kambo wa Donna, mzee wa miaka themanini na moja anayeishi peke yake Barabara ya Marsh. Kila Jumapili Donna alikwenda kumpikia chakula cha mchana, na kwa kuwa huko kulikuwa na oveni ya kweli, alipika cha kutosha na cha kubeba. Alirudi jioni na vifurushi vinne vya foili kwa ajili ya chumba nambari sita: nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi vilivyokauka vizuri kwa nje, na mchuzi kwenye chupa ya jamu. Janine alimfahamu Walter. Aliwahi kumwona akivuka barabara na fremu yake ya kutembelea, akampungia mkono.

Aliandika hivi: "Bi Tasker ana mwanamume mwenye nyumba ya vyumba vitatu, na huwa kwake kila wiki." Alisoma sentensi hiyo mara mbili. Hakuna neno lililokuwa la uongo, na alijifariji kwa hilo. Katika kisanduku cha pili akaandika: "Nyumba ya Mtaa wa Alder apewe anayestahili." Akatuma.

Jumapili vifurushi vinne vilikuja kama kawaida. Alikula.

*

Katikati ya wiki, Janine alikwenda Mtaa wa Alder. Alijiambia anapita tu kwenda dukani, ingawa duka liko upande mwingine wa mji. Mafundi walikuwa bado wanamalizia bafu. Ndiyo maana Donna alikuwa hajapewa funguo, ingawa walimruhusu aingie kupima madirisha. Janine alisimama ng'ambo ya barabara akaiangalia nambari tisa dirisha moja moja. Kulikuwa na mpea, kamba ya kuanikia nguo, na mlango wa mbele wa rangi ya kijani ambao mtu angeufunga nyuma yake na asisikie choo cha jirani. Alishachagua chumba cha Owen. Kile cha juu kushoto, kinachopata jua. Alipogeuka kuondoka alimchukia Donna kwa moyo wake wote, kama vile Donna alikuwa ameingia kwake akakalia kitanda chake.

Siku mbili baadaye akaitwa kwenye ofisi za halmashauri. Kijana wa mapokezi aliuliza kwa sauti ya kufikia hadi mlangoni, "Ni kuhusu kukosa makazi?" Nyuma ya Janine alikuwa amesimama mama wa rafiki yake Maisie, aliyekuja kulipia kibali cha kuegesha gari. Mama huyo alianza kusoma tangazo la chanjo ya mafua kwa bidii kubwa. Janine alisema ndiyo, ni kuhusu kukosa makazi, na masikio yake yakawaka.

Afisa wa malalamiko aliitwa Hilary Stobbs, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Mbele yake kulikuwa na lalamiko, limechapwa.

"Bi Prewett, nimelisoma lote. Nimehesabu hata mistari, maana nilishangaa. Ni arobaini na moja. Arobaini ni ya jirani yako."

"Kwa sababu dhuluma yenyewe ndiyo hiyo."

"Mambo ya mtu mwingine siwezi kukujibu, hata ningetaka. Lalamiko ni la kwako wewe. Umefanyiwa nini, lini, na nani."

"Kwa hiyo mnalitupa?"

"Halitupwi. Ile habari ya mwanamume nimelazimika kuipeleka kwa wanaohakiki maombi. Habari ikishafika mezani kwangu sina hiari. Imeshakwenda."

Janine aliona furaha. Ni vizuri kusema ukweli: aliona furaha iliyompanda hadi kifuani, akainamisha uso ili isionekane. Bi Stobbs alivaa miwani.

"Sasa huu mstari mmoja uliobaki. 'Tumekaa sana hapa.' Sana ni kiasi gani?"

"Wiki kumi na tano."

Afisa aliweka kalamu chini. "Kumi na tano? Na watoto wawili? Mbona hukuandika?"

"Si mnajua nyie?"

"Mimi nashika malalamiko, dada. Faili lenu liko ghorofa ya juu, kwa watu wasioongea na mimi ila nikiwa na karatasi. Niletee karatasi. Tarehe mliyoingia, barua ya daktari, picha za ukuta. Niandikie yako, nami nitakuwa na cha kuwabana nacho." Akampa fomu mpya.

Janine aliikunja mara nne akaitia mkobani. Njiani hakuifikiria hata kidogo. Alikuwa anafikiria mapazia.

*

Jumanne jioni Donna alibisha mlango akiwa na mfuko wa plastiki na macho yaliyovimba. Alikaa juu ya kitanda bila kukaribishwa, kama alivyozoea.

"Wamezuia funguo," alisema. "Wanasema nina mwanamume. Mimi! Mwenye vyumba vitatu! Shoga, ningekuwa naye si ningekuwa nimelala huko sasa hivi?" Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Nina siku tano za kazi kujibu kwa maandishi. Nisipojibu, nyumba inakwenda kwa anayefuata."

"Na anayefuata ni nani?" Craig aliuliza. Alimuuliza Donna, lakini alikuwa anamtazama mkewe.

"Sijui. Wala simlaumu, maskini. Hata hajui yeye." Donna alimsogezea Janine ule mfuko. "Niandikie wewe, mpenzi. Unajua mimi na herufi hatuelewani. Vyote vimo humo."

Ndani ya mfuko kulikuwa na barua za halmashauri, zimepangwa mwaka baada ya mwaka, kila fungu limebanwa kwa kibanio cha nguo. Donna hakuwahi kusoma vizuri tangu shule, na aliogopa kila bahasha ya kaki. Kila iliyokuja aliipeleka maktaba siku hiyo hiyo, kabla hajavua koti, akasomewa na Bi Pauline wa pale kaunta, na Bi Pauline akamwonyesha pa kutia alama na pa kutia sahihi. Janine alifungua fungu la kwanza, la pili, la tatu. Karibu kila fungu lilikuwa na nakala ya barua moja: "Je, bado ungependa kubaki kwenye orodha ya wanaosubiri nyumba? Tafadhali jibu ndani ya siku ishirini na nane." Zilikuwa kumi na moja, na zote zilijibiwa.

"Hizo ndizo zilizonipa nyumba," Donna alisema. "Yule wa simu aliniambia. Hawahesabu umeingia lini hapa Kingsley, wanahesabu umekuwa kwenye orodha tangu lini. Freya alikuwa bado mchanga nilipojiandikisha. Bi Pauline ndiye aliyesema nisiache kujibu hata mwaka mmoja."

Janine aliijua barua ile. Naye aliwahi kujiandikisha, alipokuwa na mimba ya Maisie. Kisha walipata nyumba nzuri ya kupanga, yenye sebule ya vioo nyuma, na barua ilipokuja aliisoma yote, herufi kwa herufi, maana yeye hana shida ya kusoma. Siku hiyo walikuwa wameletewa sofa mpya. Alisema kwa sauti, "Sisi na halmashauri tumemalizana," akaitupa kwenye pipa pamoja na nailoni ya sofa. Jina lake likafutwa. Mwaka huu alianza upya, nyuma ya kila mtu.

Kwa hiyo hapakuwa na wiki tatu. Kulikuwa na miaka kumi na mmoja upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na pipa lake mwenyewe. Angetegemea kwamba wivu ungemtoka alipoliona hilo. Haukumtoka. Sasa alimwonea Donna wivu hata kwa zile barua, kwa vibanio, kwa ile hofu yake ya bahasha.

"Niachie," alisema. "Nitakuandikia."

Donna alipotoka, kifua cha Owen kikasikika kikikoroma.

"Utaandika nini?" Craig aliuliza.

"Naweza nisiandike kitu. Siku tano zitaisha zenyewe."

Alimngoja amkataze. Alitaka sana amkataze, ili apate wa kumkasirikia. Craig alivua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akakaa.

"Sitakuambia la kufanya, Janine. Na mimi naitaka ile nyumba."

*

Aliandika kesho yake asubuhi, kwenye meza ya kifungua kinywa, sahani zilipoondolewa. Ilikuwa barua nzuri. Ilikuwa na tarehe zote, nambari ya simu ya Walter na jina la daktari wake. Ilieleza kwamba Jumapili ni siku ya kumpikia mzee, na kwamba nyumba ile ya vyumba vitatu ina mtu mmoja anayelala sebuleni kwa sababu hawezi kupanda ngazi. Hakuna afisa ambaye angeweza kuikataa.

Akaipeleka chumba nambari nane. Freya alikuwa shule. Donna alikuwa amesimama dirishani, na futi ya Janine ilikuwa pale kwenye kizingiti, bado ina karatasi ya vipimo iliyozungushwa na mpira.

"Nisomee," Donna alisema. "Taratibu."

Janine akamsomea. Donna aliitikia kwa kichwa kila mwisho wa sentensi, na Janine alipofika kwa Walter na fremu yake, Donna alifuta pua. Chini kabisa kulikuwa na aya moja isiyokuwa ya Donna. Janine angeweza kuiruka. Angeikunja karatasi, angempa kalamu, na Donna asingejua kamwe. Akaisoma.

"'Habari mliyopewa ilitoka kwangu mimi ninayemwandikia barua hii, Janine Prewett, chumba nambari sita. Nilijua Walter ni nani. Niliandika vile kwa sababu nilikuwa wa pili kwenye orodha, na niliona wivu.'"

Donna hakugeuka kutoka dirishani.

"Soma tena hapo."

Akasoma tena.

"Uliandika lini?"

"Siku ile ile waliyokupigia."

"Ijumaa."

"Ijumaa."

"Jumapili nilikuleteeni nyama."

"Ndiyo."

"Ukala?"

"Nilikula, Donna."

Donna alikuja mezani, akachukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizosimama mbalimbali. Ilimchukua muda. Janine alisimama pembeni akisubiri kutukanwa, na alikuwa tayari; alishayapanga hata majibu. Hakutukanwa.

"Ni barua nzuri?" Donna aliuliza.

"Nadhani ni nzuri."

"Basi itume." Akamwonyesha kizingiti cha dirisha kwa kidevu. "Na uchukue futi yako. Nimeshamaliza kupima."

*

Funguo zilitoka Alhamisi ya wiki iliyofuata. Gari la kuhamisha mizigo lilikuwa dogo na lilijaa nusu tu, lakini Janine alivihesabu vyote kutoka dirishani: magodoro mawili, baiskeli, maikrowevu, mapazia ya manjano yakiwa bado kwenye nailoni ya dukani. Maisie aliuliza kwa nini hawateremki kuaga. Aliambiwa avae soksi.

Siku hiyo Janine aliifungua ile fomu iliyokunjwa mara nne, akaandika. Tarehe waliyoingia. Wiki kumi na saba. Barua ya daktari, picha sita za ukuta. Jina la Donna halikuwamo. Kwenye kisanduku cha pili aliandika: "Nataka mtoto wangu alale akiwa amelala, si ameketi." Bi Stobbs alikuwa mkweli; alipata cha kuwabana nacho watu wa ghorofa ya juu. Baada ya siku kumi ilikuja bahasha ya kaki, na Janine aliifungua hapo hapo kwenye ngazi, kabla hajavua koti. Halmashauri ilikiri kosa na kuomba radhi. Mwisho wa mwezi wangehamishiwa vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu, karibu na stesheni, huku wakiendelea kusubiri nyumba. Hapakuwa na bustani. Lakini kulikuwa na jiko na mlango wao wenyewe, na ukuta mkavu. Craig aliisoma mara tatu, akambeba Owen begani akazunguka naye chumbani hadi akagonga taa.

Jumapili ya mwisho pale Kingsley, jua likiwa bado juu, mlango ulibishwa. Alikuwa Freya, amevaa koti jipya. Alinyoosha mfuko, akasema, "Mama amesema niwape," na kabla hajaulizwa chochote alikuwa ameshateremka ngazi. Mfuko ulikuwa wa moto kwa chini. Ulinukia nyama ya kuoka, na moyo wa Janine ukaruka. Akauweka mezani akaingiza mkono.

Alitoa kifurushi kimoja cha foili, kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa zilizosimama mbalimbali: MAISIE. Akatoa cha pili: OWEN. Akaingiza mkono tena, akapapasa hadi kwenye pembe. Hapakuwa na kingine. Siku zote vilikuwa vinne.

Craig aliona. Akachukua mkate akaanza kujipakia siagi. Watoto walifungua foili kwa pupa, mvuke ukapanda, na Owen akauma kiazi kikalia kwa ukavu wake. Akamnyooshea mama yake kilichobaki.

"Kula wewe, mwanangu," Janine alisema. "Ni chako."

Owen hakungoja kuambiwa mara mbili. Janine alikaa ukingoni mwa kitanda akawatazama wakila, jinsi walivyochovya, walivyolamba vidole, walivyokuwa hawana deni na mtu yeyote duniani. Na akawaonea wivu wanawe mwenyewe.